Umbali Uliomwagwa Ikuvilo

Ndege ya Montevideo iliondoka Mbeya saa nane mchana, saa ambayo haikuwa yake. Kwa miaka miwili ilikuwa ikiruka asubuhi tu. Siku hiyo kulikuwa na mkutano mkubwa uliomalizika mjini, wageni wakataka kulala makwao, na Kampuni ya Njia Fupi ikaongeza safari.

Tulinagwe Mwasandube ndiye aliyekuwa zamu. Kazi yake iliitwa mshika njia. Aliitazama ndege ikipita juu ya mashamba ya viazi, ikapotea nyuma ya mlima Loleza, kisha akaukaza mkunjo, ule unaofupisha njia, taratibu kama mtu anayekaza kamba ya mzigo. Kwenye kioo mbele yake mstari mwekundu kutoka Mbeya hadi Montevideo ukajikusanya, ukawa mfupi kuliko kidole.

Baina ya miji hiyo miwili kuna kilomita elfu tisa na mia nne. Ndege ya kawaida huzimaliza kwa saa kumi na moja na ushee, na abiria hushuka miguu imevimba, hajui kama ni wakati wa chai au wa chakula cha jioni. Ndani ya mkunjo safari hiyo ilikuwa saa moja na nusu. Mtu alikunywa soda yake, akasinzia kidogo, akaambiwa afunge mkanda.

Lakini umbali haufi. Ukiuondoa mahali, sharti uumwage pengine, kama maji ya debe. Sehemu kubwa ya umbali wa Montevideo ilimwagwa kwenye barafu ya kusini, ambako hakuna mwenye safari. Ila mkunjo ulihitaji uzito kidogo karibu na mwanzo wake, la sivyo ungeyumba na ndege ingerushwa kama pumba kwenye ungo. Uzito huo ulimwagwa Ikuvilo, mbuga kavu kaskazini mwa mji, ambayo kampuni iliiandikisha kuwa haina watu. Mkunjo ukikazwa, mbuga ambayo mtu wa guta, pikipiki ya magurudumu matatu ya mizigo, huivuka kwa saa moja hugeuka safari ya kutwa nzima. Kwa macho huoni tofauti. Kilima cha ng'ambo kiko pale pale. Magurudumu ndiyo yanayojua. Kwa ajili ya wapita njia kampuni ilisimika nguzo za taa: kijani ni kupita, nyekundu ni mkunjo umekazwa.

Ndege ilikuwa imekaribia nusu ya safari, juu ya bahari, simu ya dharura ilipolia. Tangu aajiriwe, Tulinagwe hakuwahi kuisikia. Aliitazama kwanza, kisha akaipokea.

"Haloo," ilisema sauti ya mwanamume, na nyuma yake injini ikinguruma. "Namba hii nimeiona kwenye nguzo ya taa. Wewe ndiye mwenye hizi taa?"

"Ni mimi, kaka. Uko wapi?"

"Niko katikati ya Ikuvilo. Naitwa Masunga. Tulipoingia taa zilikuwa za kijani, kama kila siku mchana. Tumefika kati zikawa nyekundu. Sasa naendesha guta, zahanati naiona, bati lake linang'aa kabisa, na halisogei. Mke wangu yuko nyuma, bosi. Mtoto anakuja vibaya. Damu inatoka na haikatiki."

"Mnaishi humo?"

"Tunaishi wapi tena? Tuna ng'ombe huku tangu enzi za baba yangu. Tunavuka taa zikiwa za kijani. Leo mmebadilisha."

Tulinagwe alimwambia asikate simu, kisha akaipigia zahanati kwa laini nyingine. Aliyepokea alikuwa muuguzi aliyeitwa Fransiska. Alimsikiliza hadi mwisho, akauliza maswali mawili ya kitaalamu, Tulinagwe akayapeleka kwa Masunga na kurudisha majibu.

"Kondo la nyuma limetangulia," Fransiska alisema. "Tumeshatoa gari kwenda kuwapokea, na dereva ananiambia anaendesha tu, hafiki. Ninyi mmefanya nini huko?"

"Akikufikia baada ya muda gani utaweza kumsaidia?"

"Robo saa. Dakika ishirini, tukibahatika. Nina damu ya akiba, na leo daktari wa upasuaji yuko hapa. Zaidi ya hapo usiniulize, nitakudanganya."

Tulinagwe aliangalia kioo. Alijua jibu kabla ya kulitafuta, maana ndilo jambo la kwanza mshika njia hufundishwa: mkunjo haufungwi ndege ikiwa ndani. Ukifungwa, umbali wote hurudi mahali pake kwa mara moja, na ndege hujikuta pale inapostahili kuwa, kwenye bahari ya kweli, ikiwa na mafuta ya safari fupi. Ili ifike Amerika kwa usalama, ilibidi aingoje dakika thelathini na tano zaidi. Mafuta ya kurudi Afrika hayangetosha tena. Pembeni ya njia kulikuwa na kisiwa kimoja chenye uwanja mfupi, uliojengwa kwa ndege ndogo za madaktari na barua.

Alibonyeza kengele ya kumwita mkuu wa zamu.

*

Injinia Paskazia Rwegoshora alikuja na kikombe chake cha uji mkononi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mtulivu, na ndiye aliyemfundisha Tulinagwe kazi. Alisikiliza, akaweka kikombe chini, akaangalia kioo kwa muda.

"Ikuvilo haina watu," alisema.

"Mmoja wao yuko kwenye laini, dada. Ukitaka nikupe uongee naye."

Hakutaka. Alivuta kiti akaketi kando yake.

"Tuli, kwenye ndege kuna watu mia moja na sitini."

"Najua."

"Uwanja wa kile kisiwa ni mfupi kwa ndege yetu. Labda itasimama, labda itapitiliza. Unataka kuwatia watu mia na sitini kwenye labda, kwa ajili ya mmoja."

"Wawili. Na si kwenye labda. Yule anakufa kwa hakika, na tunamuua sisi. Hakuna kitu kingine kilicho kati yake na zahanati isipokuwa safari ya hawa."

"Wale hawakujua."

"Wala yeye hakujua. Taa zilikuwa za kijani alipoingia."

 Mfukoni mwa koti la Paskazia kulikuwa na ufunguo wa kuzuia, ambao mkuu wa zamu hupewa ili amnyang'anye mshika njia mamlaka pale anapopotoka. Aliutoa, akaushika kiganjani.

"Muulize rubani," alisema hatimaye. "Ndege ni yake."

Kapteni Salome Lyatuu aliitika mara moja. Tulinagwe alimweleza bila kupamba. Kabla Kapteni hajajibu, walisikia kicheko cha abiria kwa mbali, na mlio wa vikombe.

"Unaniomba ruhusa?" Kapteni aliuliza.

"Ndiyo."

"Sitoi. Watu hawa wamekabidhiwa kwangu. Huyo mama hakukabidhiwa kwangu. Nikisema ndiyo, nimewauza waliolala hapa nyuma kwa mtu nisiyemwona. Mimi si mtu wa kusema ndiyo kwa hilo, na wewe usitake niseme."

"Nimekuelewa, Kapteni."

"Subiri, sijamaliza. Ukiamua kufunga, utafunga wewe, si mimi. Ila niambie dakika mbili kabla. Nitaielekeza pua kule kisiwani na nitawafunga watu mikanda. Nikijikuta bahari ya kweli niwe nimeshageuka. Kwenye uwanja ule nilishatua nikiwa na ndege ndogo, zamani. Una upepo wa ubavuni. Basi."

Tulinagwe alirudi kwenye simu ya Masunga. Injini ya guta ilikuwa imezimwa.

"Kwa nini umesimama?"

"Anasema mtikisiko unamuumiza. Na naona kuendesha na kusimama ni mamoja." Sauti ya Masunga ilikuwa ya kawaida sasa, kama ya mtu anayezungumzia mvua. "Bosi, niambie ukweli nijue la kufanya. Kama hatufiki, nimshushe kwenye kivuli, nisimchoshe."

"Washa guta," Tulinagwe alisema. "Endesha uelekee zahanati. Usisimame tena."

Kisha akamwambia Kapteni Lyatuu kuwa dakika mbili zimeanza.

Hakumtazama Paskazia. Alisikia kiti chake kikirudi nyuma, akajua amesimama, na akangojea mkono upite mbele yake uingize ufunguo. Kwenye kioo ndege ilianza kupinda polepole kuelekea kile kisiwa. Mkono haukuja. Muda ulipotimia Tulinagwe aliulegeza mkunjo hadi mwisho. Mstari mwekundu ukajinyoosha kama nyoka aliyepata jua, na nukta ya ndege ikabaki peke yake katikati ya buluu, mbali na kila kitu.

"Tumetoka," Kapteni alisema. Hapo nyuma yake hakukuwa na kicheko tena.

Kwenye ile simu nyingine Masunga alikuwa akisema neno moja kwa Kisukuma, akilirudia. Kisha akasema kwa Kiswahili, "Inasogea. Bati linasogea."

*

Minza, mke wa Masunga, alifika zahanati akiwa hana fahamu. Fransiska na daktari walimpasua wakati guta lingali moto nje. Alijifungua mtoto wa kike, na wote wawili walipona, ingawa Minza hakuweza kusimama kwa wiki kadhaa.

Ndege ilifika kisiwani ikiwa na mafuta ya kutosha kuzunguka mara moja tu. Kapteni Lyatuu hakuzunguka. Alitua upepo ukimpiga ubavu, akaumaliza uwanja wote, akaingia kwenye mawe yaliyokuwa mwisho wake, na gurudumu la mbele likavunjika. Abiria waliteremka kwa miguu yao. Mzee mmoja, Longino Kilindo, mtafiti mstaafu wa mbegu za mahindi, alitembea hadi kwenye majani, akaketi kama anayepumzika, na moyo wake ukasimama. Walipomfikia alikuwa bado ameshika miwani yake.

Kampuni iliitisha kikao. Tulinagwe aliulizwa kama aliijua sheria, akasema aliijua. Aliulizwa kama rubani alimpa ruhusa, akasema hapana, alikataa. Paskazia aliulizwa kwa nini hakutumia ufunguo, akasema alichelewa kufika chumbani. Alisema hivyo akiwa ameinamisha macho mezani. Tulinagwe aliposikia alifikiri kwamba dada huyu ana wazazi wawili wanaomtegemea na miaka michache kabla ya kustaafu, akauacha uongo huo upite. Hawakusalimiana walipotoka. Mchana wa siku hiyo Tulinagwe, akiwa amefukuzwa kazi, alikabidhi kitambulisho, akashuka mjini kwa miguu.

Mwezi uliofuata mwanamke mmoja alibisha hodi nyumbani kwake Iyunga. Alikuwa amevaa nguo nyeusi na viatu vilivyochafuka kwa vumbi la barabarani.

"Naitwa Bernadeta," alisema. "Mzee Kilindo alikuwa baba yangu."

Tulinagwe alimkaribisha ndani, akampa kiti, akamletea maji. Bernadeta aliyanywa yote kabla ya kusema tena. Alikuwa akiishi Montevideo, akifanya kazi kwenye kiwanda cha nyama, mwaka wa tisa sasa. Alikuwa amekuja kwa ndege za kawaida, akibadilisha mara tatu, kwa kuwa njia fupi ilikuwa bado imefungwa.

"Baba hakuwa amenitembelea hata mara moja," alisema. "Madaktari walimkataza safari ndefu. Moyo. Alipopata nauli ya njia yenu alinipigia simu akasema, sasa ni kama kwenda Makambako, mwanangu. Alifungasha mahindi ya kuchoma kwenye begi. Walinipa begi. Mahindi yalikuwa bado mabichi."

"Pole, dada."

"Sikuja kupewa pole. Wamenipa wengi." Alikigeuza kikombe mkononi. "Nimesoma ulichosema kwenye kikao. Hukujitetea. Nataka kujua, ungejua kwamba ni yeye, kwamba kuna mzee mwenye moyo mbovu kwenye kiti fulani anakwenda kumwona bintiye, ungefunga?"

Tulinagwe alikuwa amejiuliza swali hilo siku nyingi, tangu alipolisikia jina la mzee. Alikuwa na majibu kadhaa mazuri. Alipomwona mwenye swali ameketi mbele yake, hakuna hata moja lililomfaa.

"Ningefunga," alisema. "Na ningejua jina lake wakati nafunga. Hiyo ndiyo tofauti."

Bernadeta alitazama chini. Machozi yalimdondoka, akayaacha yadondoke bila kuyafuta, kisha akakohoa kidogo.

"Vizuri," alisema. "Nilikuwa naogopa utasema hujui."

 Nje jirani alikuwa akipasua kuni. Baadaye Bernadeta akauliza kama ni kweli njia itafunguliwa tena wiki ijayo, maana alikuwa ameona matangazo uwanja wa ndege. Tulinagwe alimwambia ni kweli. Baada ya kikao, kampuni ilikubali kwamba Ikuvilo ina watu, ikaomba radhi, na ikahamisha mzigo wa umbali kwenda bonde la Nsalala, upande wa pili wa milima.

"Na Nsalala hakuna watu?"

"Wameandika hakuna."

"Nani amekwenda kuangalia?"

 Tulinagwe mwenyewe alikuwa ameshalisoma tangazo lile mara mbili na kulikunja, akijiambia kwamba si kazi yake tena. Bernadeta alisimama, akajifunga vizuri mtandio wake.

"Nina siku mbili kabla ya ndege yangu," alisema. "Una pikipiki?"

*

Waliondoka asubuhi. Barabara ilikwisha mapema, ikawa njia ya ng'ombe, kisha ikawa mawe. Bernadeta alikaa nyuma bila kulalamika, na walipofika kwenye mwinuko mkali alishuka akasukuma. Hawakuzungumza sana. Mara moja tu alisema kwamba baba yake angeupenda udongo ule, ulikuwa mweusi.

Nguzo za taa zilikuwa zimeshasimikwa kwenye mdomo wa bonde, mpya, bado zimefungwa nailoni. Tulinagwe alisimamisha pikipiki chini ya nguzo ya kwanza. Bonde lilikuwa pana na la kijani iliyofifia, likishuka hadi kwenye kijito. Palikuwa kimya. Ungeweza kusimama hapo, ukatazama kwa muda ambao mpimaji wa kampuni hutazama, ukaandika kwamba hakuna watu na ukaamini umeandika kweli.

Waliacha pikipiki, wakashuka kwa miguu. Karibu na kijito waliona majivu, kisha shimo la kuchimbia udongo, kisha nguo za watoto zimeanikwa juu ya miiba. Nyumba zilikuwa ng'ambo, zimeegemea kwenye mwamba wa rangi moja na kuta zao, ndiyo maana kutoka juu hazikuonekana. Mwanamke mmoja alikuwa akikandika ukuta. Mikono yake ilikuwa na tope hadi kwenye viwiko. Aliwaona, akanyoosha mgongo.

"Shikamoo, mama," Tulinagwe alisema.

"Marahaba. Karibuni." Aliwapima kuanzia viatuni, akamwangalia Bernadeta na nguo zake nyeusi, akamrudia Tulinagwe. "Ninyi ndio watu wa sensa? Tuliambiwa watakuja, wakapita juu kwa ndege ndogo, hawakushuka."

Tulinagwe alifungua mdomo kusema hapana. Hakuwa mtu wa sensa, wala wa kampuni, wala wa ofisi yoyote duniani. Bernadeta alikuwa amesimama kando yake, anamngoja.

"Ndiyo, mama," alisema. "Ndio sisi. Mko wangapi hapa?"

Mwanamke alifuta mikono kwenye majani, akaanza kuhesabu kwa vidole vyenye tope, akianzia na nyumba ya mwisho. Katikati akasita.

"Na walio malishoni? Na binti yangu aliyekwenda kusoma mjini, anarudi Ijumaa. Naye nimtaje?"

"Wataje wote," alisema Bernadeta, akaketi juu ya jiwe kusikiliza.